Karatasi Yangu ya Maana Kumi na Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na karatasi ndefu kuliko mlango. Shule ndogo ya lugha huku Berea, mtaa wa mlimani juu ya bandari, ilikuwa imeniajiri kufundisha Kiingereza kwa watu wanaozungumza Kirusi, kwa kuwa ujanani nilisoma kwao na lugha yao naijua. Kwenye karatasi niliandika neno moja, "sharp", na maana zake kumi na mbili.

Sisi wa Kiswahili neno hilo halitutishi, maana tuna "kali": kisu kikali, kona kali, maumivu makali. Mrusi hana bahati hiyo. Kwake kisu kina neno lake, kona ina lake, picha iliyotoka safi ina lake, na mtu aliyevaa akapendeza ana lake. Akikutana na "sharp" anasimama kuchagua. Kusimama huko tulikuita kigugumizi cha kamusi, na ndio ugonjwa niliolipwa kuutibu.

"Mama, hii njo travail, kazi ya wiki nzima," nilimwambia Mkuu wa Masomo, Bi Zuhura wa Tanga, kwa Kiswahili changu chenye Kifaransa ndani, nikiibandika ukutani.

Aliisoma yote, miwani puani. "Hongera, Mwalimu. Sasa mwanafunzi akitoka hapa atabeba na ukuta?"

Nilinuna. Nilikuwa na kiburi cha msomi, sifichi.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa Larisa, muuguzi aliyemfuata mumewe, fundi wa kreni bandarini. Aliikariri karatasi yote. Alipokwenda kwenye usaili wa zahanati moja, Muuguzi Mkuu alijifanya mgonjwa, akajishika ubavu na kumtaka aseme kwa Kiingereza hayo ni maumivu ya aina gani. Larisa akaanza kupekua zile maana kichwani, moja hadi kumi na mbili, mpaka muda ukaisha. Zahanati ilimpa nafasi moja ya kurudia, baada ya wiki tatu. Akiikosa, angerudi kwao kutafuta kazi na kumwacha mumewe hapa peke yake.

Hakulia. Aliniwekea nakala yake mezani, ameikunja vizuri. "Yote ninayo," alisema kwa Kirusi. "Kusema ndiko siwezi." Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Bi Zuhura hakunisimanga. "Toa hiyo karatasi," alisema. "Mpeleke sokoni. Na Kirusi chako ukiache hapa mezani."

Basi kila asubuhi tukateremka soko la Warwick Junction. Sharti lilikuwa moja: hakuna kutafsiri. Mama wa mananasi alimpa kisu amenye mwenyewe, akamwonya kwamba ni sharp, naye akakishika kwa adabu zote. Alionja tangawizi akakunja uso. Dereva wa taxi akamwinulia dole gumba: "Sharp, sharp!" yaani mambo safi. Larisa akaniuliza hiyo ni maana ya ngapi. Eish, haikuwemo kwenye karatasi yangu.

Wiki ya tatu tulikuwa tunapanda mlima kurudi shuleni, yeye na mfuko wa mananasi, mimi na maneno mengi. Ghafla akasimama, akashika ubavu. "Ngoja, Mwalimu," alisema kwa Kiingereza, kwa haraka. "Nina maumivu sharp, hapa, nikivuta pumzi." Kichomi kilikuwa kimemkamata. Mimi badala ya kumpa pole nikapiga makofi katikati ya barabara, na watu wakadhani namshangilia mgonjwa. Larisa alicheka huku ameinama.

Alipita usaili. Nilifundisha miaka mingi baada ya hapo, chini ya wakuu wengine wawili, na ule ukuta ukabaki mweupe.

Sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Greyville, na nimeridhika. Magoti ndiyo yanagoma. Juzi nilikwenda zahanati, nikamkuta Larisa, nywele zimeingia mvi.

"Inauma vipi?" aliniuliza kwa Kiingereza.

Nikaanza kufikiri. Si butu, si ya kuwaka, labda ya kuvuta... Mwalimu mzima, nimekaa kwenye kitanda cha wagonjwa natafuta neno.

Larisa hakungoja. Alibonyeza goti kwa kidole gumba.

"Yesu wangu!" nilipiga yowe, kwa Kiswahili safi.

"Asante, Mwalimu," alisema, akaandika neno moja kwenye faili langu. Sikuwa na haja ya kuchungulia.