Maji Tuliyosema Hatuyatumii

Mwaka niliomaliza chuo kikuu nilipata kazi ya wiki tatu: kuwauliza wavuvi wa maporomoko, hapa Kisangani, wanatumia maji kiasi gani. Nchi yetu na majirani walio juu ya mto walikuwa wakiandaa mkataba wa kugawana maji ya kiangazi. Mto umekuwa ukishuka kuliko zamani, na wa juu wanataka kuyazuia kwa ajili ya mashamba. Ndivyo tulivyoelezwa. Niliuliza kwa nini anayehojiwa ni mvuvi na vikapu vyake, si mwenye mashamba. Shefu wetu, mkuu wa kazi aliyeletwa kutoka Kinshasa akiwa na viatu vyeupe, alitabasamu kama mtu anayengoja mvua ipite.

"Mademoiselle, kila mtu ataulizwa."

Na nani? Lini? Nikachukua kazi hivyo hivyo, maana nilikuwa nimekaa miezi minane kwa shangazi yangu kule mtaa wa Mangobo nikila lituma yake ya ndizi za kupondwa na kusikiliza maswali yake.

Nyumbani kwetu ni pale pale kwenye maporomoko. Baba yangu ni mvuvi, na baba yake alikuwa mvuvi. Huko nguzo nene za miti zimesimikwa katikati ya miamba, na vikapu vikubwa vya mtego vinaning'inia kwa kamba za msituni, midomo wazi, vikimeza mkondo. Kila ukoo una mlango wake wa maji, na hakuna anayeweka kikapu kwenye mlango wa mwingine.

Siku ya kwanza niliketi na fomu zangu juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Mzee wa kwanza alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sisi hatutumiaka maji," akasema. "Maji inapita tu. Andika zero."

Wa pili akasema zero. Wa tatu pia, kabla sijamaliza swali. Jirani wa baba, mtu wa mdomo mrefu, aliniambia, "Unatoka kwetu, na unatuuliza kama muzungu! Zero, mama. Na mitumbwi iko zero, na samaki hatuiyue hata sura yake." Watu wakacheka. Nyuma yake mke wake alikuwa akigeuza samaki juu ya moshi.

Nilicheka nami. Nilijua sababu. Hapa kwetu kitu kikishaandikwa, siku moja anakuja mtu na mhuri kukitoza. Baba naye alitia kidole gumba kwenye fomu yake, zero, na nikaona fahari fulani. Serikali isijue kitu. Mimi mwenyewe ningejibu hivyo.

Wiki ya pili shefu alinituma kupiga fotokopi rasimu ya mkataba. Hakuniambia nisisome. Nilisoma nikiwa nimesimama kando ya mashine, na kwenye ukurasa wa saba nikarudia aya moja mara tatu. Ilisema kwamba wakati wa kiangazi kila nchi italindiwa maji ya watumiaji walioandikishwa. Sehemu ya mto isiyo na watumiaji itahesabiwa kuwa ya ziada, na ziada inaweza kubaki kwa nchi za juu ya mto.

Nilikuwa na fomu arobaini na moja za zero ndani ya mfuko.

Nilimuuliza shefu kama alijua. "Bon, sisi tunakusanya tu," akasema bila kuinua macho. Kurekebisha kulikubaliwa hadi Ijumaa, mradi mwenye fomu atie kidole tena. Nilitoka nikijiuliza: amesahau kutuambia, au zero ndiyo aliyoitaka?

Nilimkuta baba akisuka mdomo wa kikapu. Huniita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Nilimweleza ile aya kwa maneno mepesi niliyoweza.

"Nani amekutuma, mama?" akauliza.

"Hakuna, papa. Nimesoma mwenyewe."

"Juma iliyopita ulisema karatasi haina maneno, haitaleta shida. Leo iko na maneno. Kesho?"

Jirani alikuwa ameshasogea. "Mambo ya Kinshasa imemuingia mutoto," akasema. "Sasa anataka papa yake aseme anakunywaka mto muzima."

"Sitaki useme unakunywa," nikamwambia baba. "Sema maji yakifika wapi kikapu kinakamata, na yakishuka wapi hakikamati. Hiyo ndiyo nitaandika."

Mikono yake ikasimama. Hapo nilielewa nimeomba nini. Kipimo hicho hakisemwi. Kila ukoo una chake, na kwa hicho baba anajua siku gani ahamishe vikapu, kabla jirani hajajua. Alimwambia kaka yangu peke yake, ndani ya mtumbwi, mbali na watu.

"Nani atasoma?"

Ningeweza kumdanganya. "Sijui, papa. Hata wao siwaamini. Lakini zero naijua itatufanya nini."

Alimtazama jirani mpaka jirani akaona aibu na kwenda zake. Kisha akasimama kando ya nguzo na kuweka kiganja chake juu yake, chini kidogo ya usawa wa kifua. "Hapa. Ikishuka hapa, samaki inapita katikati ya mto, haituone tena." Nilipima kwa utepe, nikaandika, akatia kidole. Kama hicho ndicho kipimo chake cha kweli, au aliongeza kiganja kimoja kwa ajili ya usalama, sijui hadi leo. Sikuuliza, na si kawaida yangu kutouliza.

Alhamisi asubuhi jirani alinifuata kwenye njia. "Niliona kwa mbali. Papa yako alisema kifua? Alors, yangu andika shingo." Nikamwambia aje kwenye nguzo aoneshe. Alinung'unika, lakini alikuja, na kwenye nguzo mkono wake ulishuka wenyewe hadi tumboni. Baada yake wengine wakaja, mmoja mmoja, kila mtu akificha kiganja chake kwa mwili wake ili wenzake wasione. Hadi jioni nilikuwa na ishirini na sita. Kumi na tano walikataa, na sikuweza kuwalaumu.

Ijumaa shefu alizipekua. "Juma iliyopita hawatumii kitu, leo wanahitaji mto wote. Ipi ni kweli?"

"Njoo kiangazi, usimame pale na viatu vyako," nikasema.

Alinyoosha mkono achukue fomu. Nilizivuta upande wangu wa meza, nikatoa simu, nikaanza kupiga picha moja baada ya nyingine, tarehe na kidole vikionekana.

"Unafikiri tutazipoteza?"

"Ndiyo, shefu."

Alinitazama, mkono wake ukiwa bado hewani, mpaka nilipofika ya ishirini na sita.