Leo nimemwokoa mfungwa aliyelipuka na daraja

Leo nimemdanganya mama yangu mzazi. Msinihukumu kabla hamjafika mwisho.

Amekuja kututembelea hapa Brooklyn Park, Marekani, na theluji imemfungia sebuleni. Kwa TV kulikuwa na filamu ya vita, muendelezo wa filamu moja maarufu ya zamani, iliyotengenezwa kwa bajeti ya harusi ndogo. Wanajeshi wafungwa wanatumwa kulipua daraja. Wakirudi hai, wanasamehewa.

Mama hashiki Kiingereza cha TV, kwa hivyo nilikuwa namtafsiria.

"Wafungwa?" akauliza. "Hebu simamisha hiyo kitu tuwaombee."

Tukawaombea. Mimi nimefunga macho, rimoti mkononi.

Sikucheka. Kevo, kitinda mimba wetu, bado yuko jela kule nyumbani.

Mama akachagua kijana mmoja mwembamba. "Huyu atatoka."

Nami nimelelewa na mabanda ya video ya mtaani, ambako actor, yule shujaa mkuu, hafi. Nikaitika amina.

Daraja likalipuka, kijana akiwa juu yake.

"Ameruka mtoni," nikatafsiri.

Wenzake wakavua kofia, wakainamisha vichwa.

"Wanamshukuru Mungu."

 Mama akanishika goti.

"Nimeona, baba. Macho ninayo. Lakini Kevo akipiga simu Jumapili, umsimulie hiyo yako."

Sasa nisaidieni, maana Kevo ana maswali mengi kuliko mama: huyo kijana akishatoka mtoni, anafikaje nyumbani?