Mabati ya Vifuniko vya Bia

Ile mwaka wa tisini na mbili, kisulisuli zilishuka tatu siku moja. Ya kwanza ilipita Muhima, ikabeba maturubai ya maduka. Ya pili ilicheza Kagarama ndani ya migomba. Ya tatu ilikuja kwangu Niboye, bila hodi, ikavua nyumba kofia. Siku zile kitu chochote kikilia watu wanafikiri vita, basi majirani wote walikuwa chini ya vitanda. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, sufuria kichwani, naangalia mawingu. Mke wangu iko kitandani na binti yetu wa kwanza, siku tano tu tangu azaliwe.

Mama mkwe, aliyekuja kumsaidia kulea, alimfunika mtoto na kitenge.

"Huyu hajatoka nje," akasema. "Mbingu imechungulia tu."

Kwetu mtoto anatolewa nje siku ya nane. Watoto wa jirani wanaitwa, wanakula sahani moja, kila mmoja anampa jina analotaka. Lakini lazima atoke ndani ya nyumba, na kwa mama mkwe nyumba bila paa ni uwanja tu.

"Mukwe wangu, tafuta paa. Mtoto aliye nje tayari, nitamtoa niende naye wapi?"

Mimi nilikuwa nabeba magunia Muhima. Mabati mapya nilikuwa nayaona kwa wengine.

Kesho yake konseye, kiongozi wetu wa sekta, akaja kukagua hasara. Aliingia na mwavuli, akaangalia juu.

"Hapa iko hasara gani?"

"Hasara hakuna, konseye. Tumeongeza dirisha."

Mama mkwe akanikata na jicho. Wote tuliopoteza paa tulimfuata konseye, na mama mkwe nyuma yangu, tukaenda na njia ya upepo kama watu wanaofuata ng'ombe aliyetoroka. Migomba imelala upande mmoja. Godoro iko juu ya mti wa avoka. Mbuzi amesimama juu ya ukuta, anatudharau. Mabati yenyewe tuliyakuta kwenye kiwanja cha mpira, Kagarama, na hapo ugomvi ukaanza. Mabati mapya yalikuwa na wenyewe kumi. Yenye kutu hayakuwa na baba wala mama.

Konseye akanyamazisha watu. "Kila mtu aseme chini ya misumari yake aliweka nini."

Sababu ukipiga msumari kwenye bati, unaweka kitu chini ya kichwa chake, maji isipite. Wengine wanaweka raba ya kandambili, wengine kipande cha tairi. Mimi niliweka vifuniko vya fanta. Na yale mabati mapya, yanayong'aa, yalikuwa na vifuniko vya bia. Nilijua ni ya nani. Ni ya jirani yangu, mzee wa kanisa, kanisa ambalo hata harufu ya pombe ni dhambi. Kiangazi nilimwona fundi wake akiyapiga.

Konseye akamuuliza yeye kwanza. Mzee aliangalia mabati yake, akaangalia wamama wa kanisa waliosimama nyuma yake.

"Fanta," akasema.

Wakampa yangu, na kutu yake yote.

"Na wewe?"

Nikamwangalia mama mkwe. Tangu nilipoenda kuomba binti yake, ananijua ni mtu wa fanta. Nikafikiria yule mtoto chini ya kitenge.

"Bia."

"Sauti."

"Bia, konseye."

"Yote hii?"

"Ilikuwa kiangazi."

Kiwanja kizima kilicheka, isipokuwa mama mkwe. Alijitwika bati moja kichwani, akatangulia mpaka Niboye.

Asubuhi mzee wa kanisa alikuja na nyundo na kandambili moja nzee, akapanda juu kuyapiga mwenyewe.

"Mzee, haya ni yako," nikamwambia. "Tubadilishane, hakuna atakayeona."

"Mtoto mchanga anapewa zawadi. Yangu ndiyo hii."

Akaanza kutoa vifuniko, kimoja kimoja, anaweka raba. Baadaye akasema polepole, "Ni fundi alikuwa anakunywa. Si mimi."

"Najua, mzee. Ile jua, mtu angefanya nini?"

Alicheka mpaka nikashika ngazi.

Siku ya nane binti yangu alitoka ndani ya nyumba yenye paa mpya kuliko zote Niboye. Watoto walikula maharage, wakamwita Upepo, wakamwita Bati, mmoja akamwita Mbuzi. Halafu mama mkwe akaniita nyuma ya jiko. Nikaanza kutafuta maneno.

"Mukwe, tangu umeoa binti yangu, kwako nakunywa fanta. Tumbo imejaa gesi. Nilikuwa nakuheshimu."

"Mama, na mimi nilikuwa nakuheshimu wewe."

Siku zile bila chupa tupu hawakuuzii bia. Mama mkwe akaingiza mkono ndani ya mfuko wake wa nguo, akatoa chupa tupu mbili, akanipa.

Sikuuliza zilitoka wapi. Nilikimbia.