Meli Iliyoitwa Kilian

Eliza Kumburu alikuwa akianua usipa, dagaa wa Nyasa, siku Bwana Urbani alipokuja kuomba jina la marehemu mumewe.

Wakati huo nyumba ya Eliza ilikuwa ya mwisho kabla ya mawe, katika kijiji kimoja kati ya Liuli na Mbamba Bay. Mumewe, Kilian, alichukuliwa na ziwa mwaka 1974. Aliajiriwa kuwaonyesha njia wataalamu waliokuja kupima kina cha maji. Mwera, upepo mkali wa kusini, ukawakuta mbali na nchi kavu, mashua ikapinduka. Wataalamu waliokotwa wakiwa wamekumbatia ubao. Kilian hakuonekana, wala siku ile, wala baadaye. Eliza alibaki na mtoto wa kiume mgongoni, Wilfred.

Bwana Urbani alikuwa ofisa uvuvi, Mmatengo wa Kigonsera, kijana mpole asiyejua kuogelea. Alifika na shemeji yake Eliza, mzee William.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Akaeleza. Ilikuwa miaka ya soko huria. Huko juu Mbinga wafanyabiashara binafsi walikuwa wameanza kununua kahawa, na kila gulio lilijaa mitumba. Lakini serikali haikuwa na fedha za kutosha, na meli ya kuchunguza samaki wa Nyasa ililetwa na wafadhili.

"Meli ya serikali haiitwi ovyo, mama," alisema Urbani. "Nyingine hupewa jina la mto, nyingine la samaki, nyingine la kiongozi. Hii wafadhili wanataka jina la mwananchi wa hapa hapa. Wakubwa Dar es Salaam walikuwa wameshindwa kuelewana, hadi mtaalamu mmoja wa zamani akasema yupo mtu alikufa akiifanya kazi hii hii. Akamtaja baba Wilfred."

Mzee William aliketi wima kama mtu anayepigwa picha. "Ni heshima kwa ukoo wetu, shemeji."

Eliza alimwaga usipa kwenye ungo, akawatawanya kwa kiganja.

"Jina la mtu aliyezikwa halina neno," alisema. "Huyu hajazikwa. Mkilipeleka jina lake majini, mtakuwa mnamwita."

"Miaka ishirini sasa, shemeji!"

"Ziwa halijanirudishia."

Lakini ukoo uliitishwa, na wanaume wakakubali. Ilikuwa vigumu kumlaumu mzee William. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumfuata kutoka Dar es Salaam kumwomba chochote. Kisha Wilfred mwenyewe alikuja jioni, anang'aa usoni, akasema amepewa kazi ya ubaharia kwa sababu ya jina la baba yake. Eliza akampakulia chakula. Mwanamke hawezi kushindana na ukoo na mtoto wake kwa pamoja.

Siku ya uzinduzi padri aliinyunyizia meli maji, kwaya ikaimba, kitambaa kikavutwa. KILIAN, herufi nyeupe juu ya buluu. Watu wakapiga vigelegele. Eliza aliona jinsi mawimbi yalivyopanda yakazifunika zile herufi, yakashuka, yakapanda tena.

Alidhani atazoea. Lakini kituo cha redio kilijengwa ufukweni, karibu na chanja zake za samaki, na asubuhi ya kwanza meli ilipokuwa safarini, binti wa redio, Scholastica, aliweka kipaza sauti mdomoni akaita kwa sauti iliyotoka hadi nje:

"Kilian, Kilian. Hapa kituo. Unanipata? Badili."

Eliza alisimama na ungo mikononi. Redio ilikwaruza, kisha sauti ya mwanamume ikajibu kutoka mbali:

"Kilian nakupata vizuri. Badili."

Alikuwa Meshack, fundi wa mitambo, mtoto wa jirani yake Gertruda. Eliza alimjua tangu anatambaa. Hata hivyo aliketi ghafla mchangani, na usipa wote wakamwagika.

Ikawa hivyo kila meli ilipotoka. Watoto waliigeuza kuwa mchezo: mmoja anaita, mwingine anajificha nyuma ya mitumbwi na kujibu. Wanawake waliokuwa wakianika karibu na Eliza walihamisha chanja zao mmoja mmoja, bila kusema kwa nini. Gertruda peke yake alibaki. Usiku Eliza hakulala vizuri, kwa kuwa alianza kusubiri asubuhi asikie kama jibu litakuja. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Akamwendea Urbani ofisini.

"Badilisheni, mwanangu."

"Mama, jina limepitishwa Dar es Salaam. Wafadhili wameshapiga picha."

"Basi kwenye redio iiteni kwa namba."

"Nitauliza," alisema Urbani. Huenda aliuliza. Hakuna kilichobadilika.

Mwezi wa saba mwera ulianza kuvuma kwa nguvu. Meli ilikuwa imekwenda kusini, upande wa Chiwanda, kushusha nyavu kwenye maji ya kina kirefu. Walikuwamo watu watatu: nahodha Ildefonsi, Wilfred na Meshack. Asubuhi moja Scholastica aliita, hakujibiwa. Akaita tena.

"Kilian, Kilian. Unanipata? Kilian!"

Kimya. Ziwa lilikuwa jeusi hadi upeo, na mawimbi yalipasuka juu ya mawe na kurusha povu mpaka kwenye migomba. Watu walikusanyika, na Urbani akaingia kituoni. Binti aliendelea kuita, sauti ikimkauka. Eliza alikuwa nje, mgongo kwenye ukuta wa kituo, kila mara jina lilipotajwa akifumba macho. Alitaka kuingia. Lakini kitu kilimwambia kwamba akiingia, atakuwako wakati atakapojibu yule wa ziwani, ambaye hakupaswa kujibu.

Mchana ulipoingia, Scholastica alianza kulia. Hapo Eliza akasukuma mlango.

"Nipe."

"Mama, hairuhusiwi..." Binti alimtazama Urbani. Urbani akaitikia kwa kichwa.

"Bonyeza hapa, mama, ndipo useme."

Eliza alibonyeza.

"Mnamwita aliyekufa," alisema, bila kumlenga mtu. Kisha akainua sauti. "Wilfred mwanangu. Ni mama yako. Meshack wa Gertruda. Baba Ildefonsi. Ninawaita ninyi mlio hai. Msitoke kwenye meli. Wilfred. Meshack. Ildefonsi. Msitoke, tunakuja."

Hakuna aliyejibu. Alirudia majina yale mpaka jua likashuka.

Kesho yake upepo ulipopungua, wavuvi wa Chiwanda waliikuta meli inaelea, imelala upande, maji yamejaa kwenye chumba cha mashine. Waliivuta hadi pwani. Kwenye meli walikuwamo watu wawili.

Wilfred alimsimulia mama yake akiwa amefunikwa blanketi, meno yakigongana. Mashine ilizimika usiku. Betri ilibaki na nguvu kidogo. Waliweza kusikia, kusema hawakuweza. Asubuhi wakasikia redio inaita wazi kabisa, kana kwamba mtu yuko ng'ambo ya wimbi.

"'Kilian, Kilian.' Meshack akasema, 'Wako karibu, wanatuita.' Akajifunga madumu mawili matupu kiunoni. Tulimshika, mama. Akatuponyoka, akaruka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshavua shati nimfuate, nahodha akaniangusha akanikalia. Nilikuwa nangoja tu ainuke niruke. Halafu mchana nikasikia jina langu. Nikalala pale pale sakafuni, nikashika chuma, sikuachia mpaka walipokuja wale wa Chiwanda."

Waliokwenda kumtafuta Meshack walirudi na dumu moja.

Baadaye lilikuja agizo kutoka juu, herufi zikapakwa rangi ya buluu na ikaandikwa namba. Meli ilipelekwa kwa matengenezo, na kijijini hakuna aliyeuliza itarudi lini. Urbani aliomba uhamisho. Wilfred alipanda milimani hadi Ruanda, huko huko Mbinga, akakodi shamba la kahawa, na mpaka leo maji huyatazama kwa mbali tu.

Eliza hakumfuata. Siku chache baada ya msako kwisha alikwenda kwa Gertruda, akamkuta ameketi kizingitini, ameelekea ziwani. Akaketi kando yake.

"Waliokuwapo wameniambia ulikuwa nje tangu asubuhi," Gertruda alisema bila salamu.

"Nilikuwapo."

"Mwanangu aliruka asubuhi."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuingia mapema, Eliza?"

Eliza alitaka kueleza hofu yake, akaona haina maneno ambayo mama wa Meshack angeweza kuyapokea.

"Niliogopa," alisema.

Gertruda hakumfukuza. Upepo ulianza tena kutoka kusini, taratibu, na wote wawili wakageuza vichwa kusikiliza.