Hodi ya Tatu

Kwa mikeka, Miburani nzima ilimjua Bi Moza. Ukindu ulimtii vidoleni tangu hajavaa ushungi, na mkeka wake ulijulikana kwa ua moja aliloachiwa na mama yake: mistari myeusi na myekundu iliyopindapinda, ndiyo tufani, na katikati kipande cheupe kisichotiwa rangi, ndicho mlango.

"Tufani haipigi hodi," mama alikuwa akisema, ukindu kaubana menoni, "binadamu ndiye hupiga. Basi mwachieni mlango."

Moza na dada yake Safia walilala juu ya mkeka huo, na kila usiku ulikuwa ugomvi wa nani alale kwenye ule weupe. "Jana alilala yeye!" Mama akaamua iwe kwa zamu, na bado wakagombana. Raha iliyoje siku zile!

Kisha mama akafariki, masika yamepamba moto. Safia, aliyeolewa Bweni, alikwamishwa na barabara, akafika mama ameshazikwa. Akapiga hodi mara tatu. Moza alikuwa ndani, anasikia, akaufunga mdomo kwa hasira. Na hodi tatu zisipoitikiwa, mstaarabu hurudi alikotoka. Safia akarudi. Ikapita miaka tisa bila salamu. Hasira hasara, wahenga hawakukosea.

Mwaka huu ikaja tufani ya kweli, ikaung'oa mlango wa Moza, mbao na bawaba zake. Asubuhi alipouona uwazi ule alilia, wala hakulilia mbao. Akasuka mkeka wa ua la mama, na ulipokamilika akaupakia kwenye bodaboda, akaenda nao mpaka Bweni, mlangoni kwa Safia.

"Hodi!"

Kimya. Ndani mwiko uligonga sufuria, kisha ukatulia.

"Hodi!"

Kimya. Ya tatu ilimfika ulimini, akaimeza. Akiitoa na isiitikiwe, itambidi aondoke. Basi akautandika mkeka mbele ya kizingiti, akaketi kwenye ule weupe, akangoja. Sasa alijua jinsi mtu anavyojisikia akiwa upande ule wa mlango. Adhuhuri ikaadhiniwa, yeye yupo.

Mlango ukafunguka. Safia, mvi zimemtawala, aliutazama mkeka kwanza, akautazama sana.

"Shikamoo, dada," Moza akasema.

Safia akavua kandambili zake, akauingia mkeka.

"Marahaba," akaitikia. "Sogea huko. Jana ulilala wewe."