Kila Mtu kwa Kinywa Chake

Juzi nilipita kwenye depo moja ya Butembo, wanapoanika kakao kando ya barabara, na harufu yake chachu ikanisimamisha. Unaijua, rafiki yangu, kama umewahi kuishi huku kwetu: huingia kwenye nguo na haitoki hata ufue. Nikafumba macho, nikawa tena Beni, msichana wa miaka tisa mwenye matope hadi magotini, nikimfuata babu shambani.

Babu alikuwa askari wa zamani. Vita vyake hakuvisimulia, nasi tulikatazwa kumuuliza. Kutoka jeshini alirudi na koti la kijani lisilo na vifungo, goti bovu, na appel. Ndiyo, appel! Jua likianza kulegea, alisimama mwanzo wa njia ya kurudi nyumbani, akatuita wajukuu kwa majina, mmoja mmoja, na kila mmoja akajibu, "Présent!" Bibi alimcheka sana. "Hii ni batoto, haiko kambi!" Babu hakumjali. Hakuna aliyeinua kikapu kabla jina la mwisho halijaitikiwa.

Siku moja nilijifanya mjanja. Nilikuwa nimeficha kakao mbili zilizoiva nyuma ya mgomba, na mpaka leo sijaonja peremende inayoshinda ule ute mweupe unaozunguka mbegu zake. Nikamwomba dada yangu aniitikie, kama tulivyofanya shuleni mwalimu akiwa ameinamia daftari. Sauti zetu zilifanana. Wenzangu wakaondoka, nami nikabaki nikifyonza mbegu moja moja, nyuki wakivuma, majani ya mgomba yakipepea juu yangu, nikajiona malkia wa Mulekera nzima, kule kwetu Beni. Usingizi ukanichukua.

Nikaamshwa na jina langu likiitwa kwa sauti iliyokwaruza. Babu alikuwa amefika nyumbani, akatuhesabu tena mlangoni, akageuka peke yake na goti lile, mwendo wa saa nzima. Nikangoja fimbo. Yeye akaketi chini kwenye majani, akanishika vidole kimoja kimoja, akalia. Sikujua kwamba babu anaweza kulia, na aibu niliyoiona siku ile bado ninayo.

"Ku vita nilikuwaka na rafiki," akasema. "Alienda kunywa maji ku muto. Komanda akaita majina, mimi nikaitika pa fasi yake. Nilizani atatukuta mu njia. Lakini hatukumuonaka tena."

Akapangusa uso kwa mkono wa koti. "Hapana kuitikia mutu, mujukuu wangu. Kila mutu aitike na kinywa yake."

Alinishika mkono mpaka nyumbani. Fufu na mboga ya sombe vilikuwa vimepoa, hakuna aliyekula, na dada yangu alikuwa amevimba macho. Babu akatupanga uani, akaanza appel upya. Sijawahi kuitika kwa nguvu kama siku ile, hata majirani walichungulia.

Siku hizi, kwa hofu ya wenye silaha, hakuna anayethubutu kwenda shambani kule. Kakao zinaiva, zinaanguka zenyewe, na nyuki nadhani bado wapo. Sisi tumetawanyika: wengine Butembo, wengine Kirumba, wengine ng'ambo ya mpaka. Koti la kijani sijui lilibaki wapi tulipokuwa tukihama. Ningelipata ningelivaa, vifungo au hapana.

Mwaka jana tulimzika babu hapa Butembo, mbali na migomba yake, mvua nyepesi ikinyesha kwenye mikaratusi. Kabla hatujaondoka kaburini, papa, baba yetu, alisimama mwanzo wa njia akatuita wote kwa majina, kama tulivyozoea. Tukaitika. Mwishoni, sijui kama ni mazoea au ni uchungu, akaita pia jina la baba yake.

Dada yangu akanikamata mkono. Tulijua sauti ya babu, tungeweza hata kuiga mkwaruzo wake. Tukanyamaza, wote, mpaka papa mwenyewe akainua kikapu cha maua kilichokuwa kimebaki kitupu, akatangulia.