Makaa ya Bibi kwenye Kigae

Mvua ilipofika siku ya tatu bila kukatika, nilituma ujumbe kwenye kundi la kijiji la simu: wote mnaoishi chini ya mlima, hamieni shuleni leo. Mimi ndiye mtendaji wa kijiji sasa, ndugu yangu, huku juu, nje kidogo ya Mbeya mjini. Watu wakajibu kwa picha za dole gumba. Hakuna aliyehama. Nikavaa mabuti, nikaanza kupita nyumba kwa nyumba, na magoti yangu unayajua.

Njiani niliikumbuka ile rimu ya lori iliyoning'inia mbele ya ofisi ya kijiji. Siku hizi haipo, iliuzwa chuma chakavu. Enzi zetu mwenyekiti akiigonga mfululizo, mtu aliacha ugali jikoni akatoka mbio na jembe mkononi, hata hajui anakwenda kuokoa nini.

Nilikuwa darasa la pili mlima ulipopasuka juu ya nyumba yetu. Bibi, aliyenilea, aligoma kutoka. Alisema moto wa jikoni mwake haujazimika tangu aolewe, na hawezi kuuacha. Nami nilimng'ang'ania kitenge nikilia, maana sikuwa na mtu mwingine. Mwenyekiti hakubishana naye. Aliingia jikoni, akachota makaa kwa kigae cha chungu, akayafukia kwenye majivu, akayafunika kwa kofia yake na kutoka kichwa wazi mvuani. Bibi alimtukana njia nzima mpaka shuleni, lakini alimfuata.

Jioni ile maharage ya watu wote yaliiva kwa moto wa bibi. Yalinuka moshi, chumvi ilitoka kila nyumba, sisi watoto tukachoma viazi pembeni. Asubuhi udongo ulikuwa umelala juu ya kitanda chetu. Sijawahi kula maharage matamu kama yale.

Nyumba ya mwisho kwenye mteremko ni ya mwenyekiti yule yule. Amezeeka, anaishi peke yake, na masikio yamechoka.

"Barua ya wilaya iko wapi?" akaniuliza. "Mimi siondoki kwa maneno ya simu."

Niliingia jikoni kwake. Palikuwa na mtungi mdogo wa gesi, zawadi ya wanawe walioko mjini, na sufuria moja iliyooshwa. Hapakuwa na jivu hata chembe. Nilisimama pale nikitafuta cha kubeba, nikakikosa. Nilikuwa nimechoka kweli, wala sikuigiza. Nikarudi nikaketi kizingitini kwake.

"Basi, baba. Udongo utufukie wote wawili."

Kisha akavaa sweta, akachukua fimbo.

"Inuka, mwanangu. Bibi yako atanisema vibaya huko aliko."

Shuleni nilikuta familia nne tu. Halmashauri ilikuwa imeleta mablanketi na maboksi ya biskuti, na nashukuru, maana enzi zile hatukuletewa kitu. Kila mtu alikuwa amejikunyata kwenye kona yake na simu yake. Mzee alizunguka madarasa yote mawili taratibu, akichungulia kila pembe, kisha akanirudia.

"Moto mmewasha wapi?"

Nilimpa pakiti ya biskuti. Aliipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akabaki ameishika bila kuifungua.